Simon Kimbangu: nguvu ya imani na buloko ya Élisabethville

Tarehe 12 Oktoba 1951 mfungwa mmoja mzee alikufa hospitalini katika mji wetu, ambao wakati ule ulikuwa unaitwa Élisabethville. Alikuwa amekaa kifungoni miaka 30. Wazee wetu waliofanya kazi kwa Union Minière waliishi naye katika mji mmoja, wengi wao bila hata kujua kama yuko. Jina lake ni Simon Kimbangu. Leo watoto wa shule wanalijua, na tangu mwaka 2023 tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko katika nchi nzima juu yake. Lakini siye watu wa Luano, wa Ruashi, wa Katuba, tunasemaka Kimbangu ni mambo ya watu wa Bas-Congo. Hapana. Karibu nusu ya maisha yake yote ilipita hapa kwetu, nyuma ya ukuta.

Ninaandika habari yake juu ya swali moja ambalo ninalisikia sana katika kambi na kwenye mashimo. Siku hizi kila mtu yuko na mafundisho katika simu yake: kwamba ndani ya mtu kuna akili nyingine, ya chini, isiyolala, inayofanya kazi bila mwenyewe kujua, kwamba ukiisemesha vizuri asubuhi na usiku, itakuponyesha, itakupatia kazi, itakuletea franga. Wengine wanalisema kwa lugha ya kanisa, wengine kwa lugha ya vitabu vya wazungu. Wengine wanacheka tu. Mimi naona kabla ya kucheka au kusadiki, inafaa tuangalie mtu aliyeishi jambo hilo kwa mwili wake.

Kimbangu alizaliwa karibu na mwaka 1887 katika kijiji cha Nkamba, upande wa Mbanza-Ngungu, mji ambao Wabelgiji waliuita Thysville, juu ya njia ya reli ya Matadi kwenda Léopoldville. Wazazi wake walikufa angali mtoto, akalelewa na mama Kinzembo wa jamaa yake. Alisoma kwa wamisionari wa Kiingereza, Wabatisti wa Ngombe-Lutete. Akamwoa Marie Muilu, na mwaka 1915 wakabatizwa. Walizaa wana watatu: Kisolokele, Dialungana na Diangienda. Mpaka hapo ni maisha ya mkristo wa kijiji kama wengine wengi: anajua kusoma Biblia, anafundisha jirani zake, analima.

Lazima tukumbuke nchi ilikuwa namna gani. Watu wa Bas-Congo walikuwa wamekwisha kupoteza vijiji vizima kwa ugonjwa wa malali. Walikuwa wamekwisha kubeba mizigo ya Leta na kujenga reli. Kisha mwaka 1918 ikaja mafua kali, ile iliyozunguka dunia nzima, ikaua tena. Dawa ya mafua ile haikuwako, si kwa munganga mzungu wala kwa nganga wa kijiji. Ni katika mwaka ule, kama wanavyosimulia watu wa kanisa lake, Kimbangu alianza kusikia sauti ikimwita atunze watu. Alikataa. Alikimbilia Léopoldville, akatafuta kazi kwa Huileries du Congo Belge, kampuni ya mafuta ya ngazi. Mwisho alirudi Nkamba.

Tarehe 6 Aprili 1921 alipita katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka. Kulikuwa na mama mgonjwa sana, jina lake Nkiantondo. Kimbangu aliingia, akaweka mikono juu yake, akaomba kwa jina la Yesu. Yule mama akapona. Kanisa lake linahesabu mwanzo wake tangu siku ile.

Yaliyofuata yalikwenda mbio, si kwa miaka ila kwa majuma. Watu walitoka vijijini kwa mamia, halafu kwa maelfu. Treni za Thysville zilijaa. Wagonjwa waliacha vitanda katika mahospitali ya misioni wakaenda Nkamba kwa miguu, wengine wakibebwa. Wafanyakazi waliacha kazi za wazungu. Watu walitupa minkisi yao, yaani hirizi na sanamu za dawa, pembeni ya njia, chungu chungu. Kimbangu aliwafundisha waache minkisi, waache ngoma za zamani, mwanaume abaki na bibi mmoja. Alipoomba, mwili wake wote ulitetemeka. Administrateur Léon Morel alifika Nkamba tarehe 11 Mei 1921 na kuona yale kwa macho yake, na hakupenda hata kidogo.

Basi, ni nini kiliponyesha watu pale Nkamba?

Mkimbanguisti atajibu ni Mungu, na mimi sibishane naye. Hiyo ni imani yake na ninaiheshimu. Lakini angalieni jambo moja ambalo hata asiye wa kanisa lile anaweza kuliona. Kimbangu hakuanza na dawa, alianza na woga. Siye wote tunajua mtu aliyeambiwa kwamba amelogwa anafanya nini: anaacha bukari, halali usiku, anakonda, moyo unapiga mbio, na baada ya wiki mbili ni mgonjwa kweli kweli, hata kama hakuna mtu aliyemgusa. Ule ugonjwa si wa uongo. Umetoka katika akili ya chini, ile isiyotuuliza ruhusa. Sasa mtu kama huyo, katika nchi iliyozika watoto wake kwa malali na mafua, anafika mbele ya mtu wa lugha yake, anaambiwa tupa ile hirizi, haina nguvu tena juu yako. Anaitupa mbele ya watu elfu moja wanaoimba. Woga unatoka. Anakula. Analala. Kesho anatembea. Kwa nini tushangae?

Miaka ile ile, ngambo ya bahari, kulikuwa na mzungu mmoja katika mji wa Nancy, Ufaransa, aliyekuwa anafanya jambo la karibu na hilo bila jina la Mungu. Jina lake Émile Coué, alizaliwa 1857, kazi yake kuuza dawa. Alikuwa ameona kwamba dawa ile ile inafanya kazi vizuri zaidi akimpa mteja na neno zuri la kumtia moyo. Akasoma kwa waganga wa Nancy, Liébeault na Bernheim, waliokuwa wakilaza watu usingizi kwa maneno. Mwisho akafundisha kwamba mtu hatawaliwi na kutaka kwake, anatawaliwa na picha aliyo nayo ndani; kutaka na picha vikipigana, picha njo inashinda. Kwa hiyo aliwapa wagonjwa wake sentensi fupi ya kurudilia asubuhi na usiku, mara 20, kwamba wanaendelea kuwa wazima kila siku. Vitabu vingi vinavyouzwa leo juu ya nguvu ya akili ni wajukuu wa Coué, hata kama hawamtaji babu yao.

Lakini Coué mwenyewe alikuwa mtu wa kiasi kuliko wajukuu wake. Alikuwa akisema yeye haponyeshi mtu, mtu anajiponyesha. Na hakuwaambia wagonjwa wamwache munganga. Alikufa 1926, akiwa na miaka 69.

Angalieni tofauti ya hawa wawili. Coué alialikwa London, na mwaka 1923 akaenda Marekani. Kumbi zilijaa, magazeti yaliandika. Walioona ni mtu wa kuchekesha walimcheka, basi. Kimbangu alifanya miezi miwili tu, na jeshi likatumwa. Mimi ni mtu wa sendika, labda njo maana ninaona hivi, lakini ninadhani Leta haikuogopa maombi. Iliogopa mashamba na magari ya moshi bila wafanyakazi. Mtu mweusi aliyepona woga ni mtu wa hatari zaidi kuliko mtu mweusi aliyepona homa.

Tarehe 6 Juni 1921 Morel alirudi Nkamba na askari kumkamata. Kimbangu aliwatoroka, akafichwa na watu wake kwa miezi mitatu. Mwezi wa Septemba alirudi Nkamba kwa miguu yake akajitoa mwenyewe. Walimpeleka Thysville mbele ya baraza la vita, juge ni De Rossi, bila avoka wa kumtetea. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa fimbo 120, kisha kifo, kwamba aliharibu usalama wa nchi. Hakuua mtu, hakuiba, hakuchoma nyumba. Wamisionari Waprotestanti waliomba ahurumiwe, na mfalme Albert wa Kwanza akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Kisha walitafuta mahali pa mbali sana na Nkamba. Wakachagua kwetu.

Toka Bas-Congo mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1500. Leo ndege ya Kinshasa inatua hapa Luano baada ya saa mbili na kitu, na abiria wanalalamika kwamba wamechoka. Yeye aliletwa na minyororo, katika jimbo ambalo hakujua lugha yake, ambalo hakuwa na ndugu. Watu wake nao walitawanywa, familia kwa familia, Lowa na sehemu nyingine za mbali. Wengi hawakurudi.

Juu ya miaka yake 30 hapa, sitajaza karatasi kwa masimulizi. Ni mingi, na kila mtu yuko na yake. Yaliyo wazi yanatosha. Aliingia akiwa mtu wa miaka thelathini na kitu, akafa mzee. Hakuandika kitabu, hakuongoza mkutano. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière hapa Élisabethville waligoma kudai mshahara, na tarehe 9 askari wakawapiga risasi kwenye uwanja wa mpira; Léonard Mpoyi na wenzake makumi wakaanguka. Siye katika sendika tunaikumbuka siku ile kila mwaka. Mara mingi tunasahau kwamba katika mji ule ule, siku ile ile, Kimbangu alikuwa amekwisha kufanya miaka 20 ya kifungo, kwa mkono wa Leta ile ile.

Hapa njo wenye shaka wanapata neno lao la nguvu, na si haki kuwanyamazisha. Wanauliza: kama akili au imani iko na nguvu ile yote, kwa nini haikufungua mlango wa buloko? Kwa nini mtu aliyeponyesha wengine alikufa juu ya kitanda cha hospitali ya mkoloni? Na kuhusu Nkamba wanauliza pia: nani alihesabu? Hakukuwa munganga wa kuandika ugonjwa kabla na kuupima baada. Homa nyingi zinapanda na kushuka zenyewe. Aliyepona anarudi nyumbani akiimba, na kijiji kizima kinajua. Asiyepona anarudi kimya. Aliyekufa njiani hasimulii kitu. Wamisionari wa wakati ule waliandika kwamba wagonjwa wengi walirudi kama walivyokuja, na wengine walifia njiani kwenda Nkamba.

Ni maneno ya kweli. Ninayapokea. Na hata sayansi ya leo inakata katikati namna ile. Waganga wamejaribu mara nyingi kumpa mgonjwa kidonge kisicho na dawa ndani, wakamwambia ni dawa. Maumivu yanapungua kweli, usingizi unakuja, kichefuchefu kinatulia. Mwili unatii ahadi. Lakini kidonge kile hakiui kijidudu cha kifua kikuu, na hakiondoi vumbi la jiwe katika pafu.

Sasa nimefika kwa jambo letu. Siye tunakula vumbi. Anayetoboa jiwe kavu bila maji, anayeponda mawe, anayechambua malachite na mtoto mgongoni, wote wanavuta unga mdogo usioonekana. Unga ule unafanya makovu katika mapafu, na makovu hayafutiki. Na pafu lenye makovu linakaribisha kifua kikuu kwa urahisi. Kikohozi kile, hata ukikiambia kila asubuhi kwamba kimekwisha, hakisikii.

Nilikuwa na mwenzangu wa kazi aliyeanza dawa za kifua kikuu. Dawa zile ni miezi sita, kila siku, na ni za bure. Mwezi wa pili alijisikia mzuri. Mtu mmoja wa mafundisho akamwambia kwamba kuendelea kumeza vidonge ni kuiambia roho yake kwamba angali mgonjwa, na roho itatii. Maneno matamu, na ukiyasikia haraka unaona yako na akili. Aliacha. Kilichomfanya ajisikie mzuri kilikuwa vidonge vile vile. Alipoanguka tena, ugonjwa ulikuwa mgumu zaidi, na mtoto wake mmoja alikuwa anakohoa. Mafundisho ya namna ile hayatoki kwa Coué, na Kimbangu aliwaambia watu watupe hirizi. Vidonge vya miezi sita havikuwako katika wakati wake, visiingizwe katika kinywa chake.

Kuna upande mwingine unaoniuma zaidi. Kampuni moja, sitaitaja, ilituletea mwalimu wa kutufundisha kuwaza vizuri. Siku nzima, na fanta na mkate. Alituambia uchovu uko katika kichwa, umaskini uko katika kichwa, mtu anayelalamika anavuta mabaya kwake. Wengine walipiga makofi. Mimi niliinua mkono nikauliza maski za vumbi zitabadilishwa lini, maana zile tulizokuwa nazo zilikuwa nyeusi ndani. Aliniambia nina roho ya kukata tamaa. Ndugu zangu, mwenye kampuni akiweza kutusadikisha kwamba yote yanatoka ndani yetu, hatadaiwa kitu tena: si maji ya kutoboa jiwe, si radio ya kifua mara moja kwa mwaka, si malipo ya aliyeharibika mapafu. Ugonjwa utakuwa kosa la mgonjwa. Mama yake na bibi yake watamlilia na kumlaumu pamoja.

Kimbangu hakusema hivyo. Hakuwaambia wagonjwa wa Nkamba kwamba waliugua juu waliwaza vibaya. Na sisomi popote kwamba wale waliohamishwa Lowa walimlaumu kwamba maombi yake hayakuwa na nguvu. Hapo ninaona kitu ambacho wenye shaka hawakihesabu, juu hakipimwi kwa thermomètre. Marie Muilu aliachwa bila bwana wake, chini ya macho ya askari, na kwa miaka 30 na zaidi alishika lile kundi kwa siri, wakiomba usiku. Hakukuwa mshahara wala ahadi kwamba mlango utafunguka. Leta ilikuwa na treni na bunduki, na haikufaulu kuzima. Nguvu ile ilitoka wapi kama si ndani ya watu? Mtu wa sendika anajua kidogo habari hiyo. Mgomo hausimami kwa hesabu ya franga peke yake. Siku ya tatu, bukari ikipungua, unasimama kwa kitu ambacho huwezi kumwonyesha mtu. Lakini pia hausimami kwa kitu kile peke yake. Lazima mtu atafute unga.

Ukiniuliza mimi, basi, nitasema hivi: lala na maneno mazuri katika masikio yako, omba kama unaomba, usikubali mtu akutie woga wa bulozi, na asubuhi meza kidonge chako. Kisha uje mkutanoni tudai maji na maski.

Marie Muilu alikufa mwezi wa Aprili 1959, miezi nane kabla ya Leta kukubali. Tarehe 24 Desemba 1959 kanisa la Kimbangu lilitambuliwa na sheria, na Diangienda, mwana wake wa mwisho, ndiye aliyeliongoza. Mwezi wa Aprili 1960, kabla ya uhuru, walikuja hapa Élisabethville wakafukua mifupa ya baba yao, wakaipeleka Nkamba. Mwaka 1969 kanisa likaingia katika baraza la makanisa ya dunia nzima. Mpaka leo watu wanatoka Nkamba na maji katika vidumu kwa ajili ya wagonjwa wao. Na kanisa lile lile, lililoanza kwa kuweka mikono juu ya mama mmoja kijijini, limejenga hospitali kubwa huko Kimbanseke, Kinshasa, na waganga wenye diploma, na sindano, na chumba cha kuzalisha.